Huzuni Jukwaani Wakati wa Krismasi: Umbo la Msiba na Tamthiliya Mpya mbele ya Hadhira ya Gonja

Mnamo Novemba 2009, maporomoko ya udongo yaliyotokana na mvua kubwa yaliua watu wasiopungua 20 katika kijiji cha Goha, Mamba Myamba, wilayani Same. Goha iko katika milima ileile ya Upare Kusini inayoitazama Gonja. Kwa waombolezaji wanaohesabu arobaini, siku hiyo iliangukia siku chache kabla ya Krismasi. Ukaribu huo wa tarehe unaibua swali linalojadiliwa hapa: tamthiliya mpya inayohusu huzuni inawezaje kuoneshwa Gonja wakati wa Krismasi bila kuigeuza huzuni kuwa pambo la sikukuu au kisingizio cha mahubiri? Hoja ya msingi ni kwamba jibu la swali hili limo katika umbo zaidi kuliko katika maudhui. Msiba una umbo lake, nalo ni la kukaa pamoja. Igizo la kanisani lina umbo jingine, nalo ni la kufikia faraja. Tamthiliya ya huzuni hufaulu au hushindwa kulingana na umbo ililolichagua kati ya hayo mawili.

Hadhira ya Desemba ni hadhira ya pekee. Wapare wengi waishio Dar es Salaam, Tanga, Arusha na Moshi hurudi nyumbani mwishoni mwa mwaka, na mabasi yanayopita barabara ya Same kwenda Mkomazi hujaa watu na mizigo. Marejeo hayo huitwa ya sikukuu, lakini ndani yake mna shughuli za wafu. Aliyeshindwa kufika mazikoni mwezi Machi hufika Desemba kutoa pole. Ndugu waliotawanyika hukutana kuzungumzia mirathi na kujengea kaburi, kwa kuwa hapana wakati mwingine ambapo wote wapo. Kwa mantiki hiyo, tamthiliya ya huzuni haiiletei Krismasi kitu kigeni. Huzuni imekwisha kushuka kituoni pamoja na wasafiri. Kinachobaki kwa msanii ni kuamua kama ataitambua au ataipita.

Suala la dini linaipa hoja hii uzito zaidi. Upare ulipokea Ulutheri kupitia wamisionari wa Leipzig na Uadventista Wasabato kuanzia mwaka 1903, na Uislamu nao una waumini wengi, hasa katika makazi ya tambarare. Krismasi, kwa hiyo, si sikukuu ya kila nyumba. Mwislamu huitazama kama sikukuu ya jirani, na mafundisho ya Kisabato hayaihesabu miongoni mwa siku takatifu zilizoamriwa. Msiba, kinyume chake, ni wa wote. Jirani huja bila kuulizwa anasali wapi. Huleta kuni, huchota maji, huchanga, hukaa. Igizo la kuzaliwa kwa Yesu huzungumza na sehemu ya kijiji, ilhali tamthiliya ya huzuni inayooneshwa katika majira yaleyale inaweza kuzungumza na kijiji kizima. Hii ni sababu ya kisanaa, wala si ya kidiplomasia tu, ya kuiweka katika uwanja wa shule badala ya mbele ya madhabahu.

Hata hivyo, mazoea ya igizo la kanisani yana nguvu, na udhaifu wake unahitaji kuhakikiwa kwa haki. Muundo wake unajulikana: mtu anakufa, mfiwa analia, mhubiri au mzee anaingia na neno, mfiwa anafuta machozi, kwaya inafunga. Katika muundo huu huzuni ni tatizo na neno ni utatuzi. Mgogoro unatatuliwa kabla haujakomaa, na mfiwa anakuwa mhusika bapa ambaye kazi yake ni kukubali. Desturi ya msiba inakanusha mpangilio huo. Neno "pole" halielezi chochote na halimdai mfiwa jibu. Linamjulisha tu kwamba ameonekana. Wanaokesha naye hawamletei hitimisho.

Matini ya Krismasi yenyewe haiungi mkono haraka hiyo. Katika Injili ya Mathayo, ziara ya mamajusi inafuatiwa na mauaji ya watoto wa Bethlehemu, na hapo mwandishi anamkumbusha msomaji Raheli, mama anayekataa kufarijiwa. Igizo linaloishia kwa dhahabu, uvumba na manemane limeikata hadithi katikati. Mtunzi wa Gonja anayemweka jukwaani mama asiyefarijika siku ya Krismasi haiharibu sikukuu. Anairudishia sehemu iliyoachwa.

Mfano wa nje unaonesha jinsi jambo hili linavyowezekana kiufundi. Katika *Riders to the Sea* ya J. M. Synge, iliyooneshwa Dublin mwaka 1904, mama mzee Maurya anampoteza mwanawe wa mwisho baharini. Mbao za jeneza zimesimama jukwaani tangu mwanzo, zimenunuliwa kwa ajili ya mwana mwingine. Zinapohitajika, inagundulika kwamba misumari imesahauliwa. Hakuna hotuba inayobeba uzito wa misumari hiyo. Tamthiliya ni ya tendo moja, fupi, na nguvu yake imo katika vifaa vya nyumbani na kazi za mikono. Gonja ina vifaa vyake: sufuria kubwa la makande, mkeka uliotandikwa mahali kitanda kilipoondolewa, sahani iliyopakuliwa kwa mazoea kisha ikarudishwa. Mtunzi anayeviamini vitu hivi hatahitaji mhubiri wa kueleza maana yake.

Tamthiliya ya Kiswahili nayo ina urithi wa kutumiwa, ingawa kwa tahadhari. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein (1969) inafungua kwa mazungumzo ya wanawake kuhusu njaa na dhiki ya kila siku, lakini maumivu ya nyumbani yanamezwa baadaye na swali kubwa la ukombozi. *Lina Ubani* ya Penina Muhando (1984) inatazama jamii baada ya vita vya Kagera na kuchanganya utambaji wa hadithi na uigizaji. Jina lake linapindua methali isemayo la kuvunda halina ubani. Katika kazi zote mbili huzuni inaelekezwa kwenye hukumu ya kijamii. Mwelekeo huo ulikuwa dhahiri zaidi katika sanaa za maonyesho kwa maendeleo, kama zilivyofanyika Malya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambako onesho lilikusudiwa kuwaongoza wanakijiji kujadili matatizo yao na kutafuta suluhisho. Mbinu hiyo inafaa pale tatizo linapokuwa na suluhisho. Kifo hakina. Kuiuliza hadhira ya wafiwa "tufanye nini?" ni kuirudisha faraja ya haraka kwa mlango wa nyuma.

Pingamizi zito zaidi ni la kimaadili. Miongoni mwa watazamaji watakuwamo waliozika mwaka huohuo, na onesho linaweza kuwatonesha kidonda mbele za watu. Pingamizi hili haliondolewi kwa kutaja takaso la hisia la Aristotle, kwa sababu Aristotle alizungumzia masaibu ya mashujaa wa visa vya kale, si ya jirani aliyeketi safu ya pili. Linapunguzwa kwa masharti. Kifo kinachoigizwa kisifanane na kifo chochote kinachotambulika kijijini. Watu wajulishwe mapema onesho linahusu nini, ili asiyetaka abaki nyumbani bila aibu. Kilio kisiigizwe kwa sauti kubwa kuliko kinavyostahimilika. Mfiwa anayeng'ang'ania kupeta mchele hueleza zaidi. Mazungumzo yawe kwa Kiswahili kinachowaunganisha wote, na pale ulimi wa mama unapokatika, Chasu kiingie bila kufasiriwa.

Kipimo cha mwisho ni jinsi onesho linavyokwisha. Makofi ni adabu ya tamasha. Msibani hakuna anayepiga makofi. Tamthiliya iliyolifuata umbo la msiba hadi mwisho itawaacha waigizaji wakae pamoja na hadhira, chai igawiwe, na watu waondoke mmoja mmoja kila mmoja anapoona inafaa. Ikiwa baada ya hapo mtu atabaki kidogo karibu na aliyefiwa, bila neno, tamthiliya itakuwa imetenda kazi ambayo igizo lenye faraja tayari haliwezi kuitenda.