Swali la Ungwana Katika Redio na Matatu za Nairobi

Neno ungwana lina asili yenye uchungu. Katika miji ya pwani mwungwana alikuwa mtu huru, na kinyume chake alikuwa mtumwa; adabu ilihesabiwa urithi wa nasaba kabla ya kuhesabiwa tabia. Kwa sababu hiyo kipindi cha Leonard Mambo Mbotela, Je, Huu ni Ungwana?, kilichoanza mwaka 1966 katika Sauti ya Kenya, chastahili kupimwa kwa mizani ya fasihi. Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, alizaliwa Mombasa katika ukoo wa watumwa walioachwa huru. Mtu ambaye wazee wake wangalinyimwa jina hilo ndiye aliyeligawia taifa zima.

Ufundi wa kipindi umo katika jina lake. Utungo wa zamani wa adabu, mathalani Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, huagiza: mama humfunza binti yake yampasayo. Mbotela aliuliza. Kitendo kilisimuliwa, kisha hukumu ikaachiwa msikilizaji, ambaye pengine ndiye mtenda mwenyewe. Maonyo ya namna hii hayamfedheheshi mtu mbele ya watu, lakini hayamwachi salama mbele ya nafsi yake.

Toka jumba la utangazaji, barabara ya Harry Thuku, mpaka steji za mtaa wa Tom Mboya na River Road, ni mwendo mfupi kwa miguu. Huko ndiko ungwana ulikopata mtihani wake. Matatu, zilizoruhusiwa rasmi mwaka 1973, ziliwaketisha wasiojuana goti kwa goti. Ndani ya gari hakuna aulizaye nasaba. Mwungwana hutambulikana kwa kumpisha mzee na kwa kurudisha chenji kamili.

Hata hivyo swali hilo lina upungufu. Humwelekea mtu mmoja mmoja, na kuisahau hali iliyomzaa. Makanga ajazaye abiria kupita kiasi hana ungwana. Lakini mji usio na mabasi ya kutosha, je, unao? Kanuni za mwaka 2004, zilizopewa jina la Waziri John Michuki, zililazimisha mikanda, vidhibiti mwendo na idadi maalumu ya abiria. Zilidhihirisha kwamba yako makosa ambayo aibu peke yake haiyatibu.

Upungufu wa pili watokana na redio yenyewe. Tangu miaka ya 1990 vituo vya watu binafsi vimeongezeka, na sauti zao zimejaa katika matatu. Nyumbani msikilizaji asiyependezwa huzima redio yake. Katika gari dereva huchagua, na abiria, pengine mama mwenye mtoto aliyevaa sare ya shule, hulipa nauli na kusikilizishwa mizaha ya chumbani asubuhi na mapema. Msemaji hamwoni mtoto huyo, wala mtoto hana pa kukimbilia. Hapo swali la Mbotela lapasa kumgeukia mwenye kipaza sauti.

Wahakiki wa Kiswahili huvipita vipindi vya redio kwa kuwa havikuchapwa. Ni hasara. Neno lililotenganisha mtu huru na mtumwa lilifunzwa maana mpya hewani, na mtihani wa maana hiyo wafanywa kila siku garini.