Nguzo Zisizobeba Kitu

Ewe msomaji, ukipewa kiwanja na fedha za kutosha kujenga nyumba ya fahari kama upendavyo, utaanza na lipi? Wengi huanza na picha. Hufungua kitabu cha nyumba za matajiri, wakaona kasri la Ufaransa, au nyumba ya shamba ya Uingereza, au jumba jeupe la vioo vitupu, wakasema, "Hii ndiyo niitakayo." Nia yangu ni kukuonyesha kwamba picha ni jambo la mwisho kuchaguliwa, wala si la kwanza.

Mjomba wangu alifanya biashara miaka thelathini. Alipoiacha alinunua kiwanja kaskazini ya Mombasa, kati ya barabara kuu ya Malindi na bahari. Siku moja alinitandazia ramani mezani akauliza, "Mwalimu, waionaje?" Niliona nguzo nane ndefu za Kigiriki zimeelekea barabarani, na nyuma yake ukuta wa vioo tangu sakafuni hadi darini. Moyo wangu ulisita, lakini ulimi haukusita. "Nzuri mno, mjomba," nilijibu. Yeye ni kaka wa mama yangu, nami nilidhani kuwa heshima yataka sifa. Leo najua kwamba heshima ilitaka kweli.

Nyumba ilikwisha, na wapita njia hugeuza shingo kuitazama. Lakini ingia humo saa tisa alasiri. Barabara iko upande wa magharibi, na jua likisha kuinama hupita chini ya ukingo wa paa likapiga vioo uso kwa uso. Mapazia mazito hufungwa, taa huwashwa mchana, na mashine za kupoza hewa hunguruma mpaka magharibi. Je, upepo? Pwani yetu hupata kaskazi yapata Novemba hadi Machi, na kusi katika sehemu kubwa ya miezi mingine. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki na kusi hutoka kusini mashariki. Basi pepo zote mbili hutujia kutoka upande wa bahari. Na upande huo ndiko mjomba alikoweka jiko, stoo, na ukuta wenye vidirisha vidogo. Jioni utamkuta nyanya yangu, mama yake mjomba, ameketi juu ya mkeka nyuma ya jiko. Hakusoma elimu ya majengo, lakini ndiye aliyepata mahali bora kuliko pote katika nyumba ile, napo hapamo katika ramani.

Sasa na tuzipime zile nguzo. Hekalu la Parthenon katika mji wa Athens, ambalo lilianza kujengwa mwaka 447 kabla ya Kristo, lina nguzo nyingi zilizokaribiana. Hazikuwekwa kwa pambo tu. Jiwe likilazwa juu ya nafasi pana huvunjika kwa uzito wake, kwa hiyo ilipasa nguzo zikaribiane ili zilibebe. Nguzo za mjomba hazibebi kitu. Paa limeshikwa na zege na chuma, nazo ni tupu ndani. Mwenyewe alichukua jibu la Wagiriki bila ya kuwa na swali lao.

Linganisha na Lamu, ambako mji wake mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba za mawe za waungwana wake wa kale zilikuwa nyumba za anasa. Kuta za ndani zimepambwa kwa zidaka, safu juu ya safu, zilizotengenezwa kwa chokaa kwa ustadi mkubwa. Lakini angalia jinsi anasa hiyo ilivyopangwa. Mlangoni pana daka, mahali pa kukaa na kuzungumza na wageni. Ukiingia, njia hukunja, ili macho ya mpita njia yasifike ndani. Kisha wafika katika ua ulio wazi juu, ambao wenyeji huuita kiwanda, uletao mwanga na hewa. Na mbele ya ua pana misana, kumbi ndefu nyembamba ziutazamazo. Kumbi hizo ni nyembamba kwa sababu dari zimeshikwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti huruhusu upana usiozidi yapata mita 3. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, hata joto la mchana huchelewa kuzipenya. Basi hayo tuyaitayo mtindo wa Lamu yalikuwa kwanza jibu la jua, la boriti, na la desturi ya stara.

Hata hivyo, mwenye kuhakiki asiwe mwenye kusifu tu. Nyumba zile zina ila zake. Chumba cha ndani kabisa kina giza, na utajiri uliozijenga ulitokana kwa sehemu na jasho la watumwa. Tena mtu asitoke Lamu akabeba sura, akaiacha akili. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na asubuhi ya Julai watu huko hulitafuta jua badala ya kulikimbia. Mlango wa nakshi uliobandikwa katika nyumba isiyo na ua wala kivuli ni ndugu wa nguzo za mjomba.

Basi mwenye kujenga na aulize kwanza: Jua huchomoza wapi na kushuka wapi? Upepo hutoka upande gani? Ni nani watakaokaa humo, na yupi kati yao hawezi kupanda ngazi? Ni vifaa gani vipatikanavyo karibu? Akishapata majibu, achague mtindo autakao. Hata vioo sivikatazi. Lakini na avielekeze kaskazini na kusini, na paa litokeze mbele yake. Maana karibu na ikweta jua la adhuhuri hupita karibu na utosi, na paa lililotokeza hulizuia bila taabu. Jua la magharibi, lililo chini, ndilo lisilozuilika hivyo.

Mwezi uliopita mjomba alinitandazia ramani nyingine, ya baraza atakayoiongeza, nayo pia imeelekea barabarani. Aliniuliza kama zamani, "Mwalimu, waionaje?" Nilimwomba twende kwanza tukakae na nyanya nyuma ya jiko. Tulikaa muda mrefu, upepo wa bahari ukitupepea. Kisha nilimwambia kweli yote, na ile niliyomnyima hapo kwanza. Alinyamaza, akainama, akaigeuza ramani juu ya mkeka hata baraza ikatazama baharini.

Nawe msomaji, siku utakapoulizwa rai yako juu ya kazi ya mtu umpendaye, usiseme "nzuri mno" kabla hujaitazama saa tisa alasiri.