Kukanyaga Mafuta Pasipo Mafuta

"Kanyaga mafuta," mjomba aliniambia, kisha akacheka peke yake. Gari tulilokuwa ndani yake halijaonja tone la petroli tangu litoke kiwandani. Ni Nissan Leaf ya mwaka 2018, ya kijivu, iliyokuja kwa meli kutoka Japani na redio inayozungumza Kijapani mpaka leo. Lakini kwa dereva wa umri wake mguu wa kulia ni mguu wa mafuta, na mafuta hukanyagwa, yawepo yasiwepo.

Mjomba alianza kazi na Peugeot 504 za abiria kati ya Nairobi na Nakuru, zile za gia kando ya usukani, kisha akahamia matatu ya watu 14, ile tuliyoiita Nissan hata ilipokuwa Toyota. Siku hizi ni teksi. Anakaa Limuru, wateja wake wengi wanashuka Naivasha, na huu ni mwaka wa pili anawapeleka kwa stima. Nilimwomba nishinde naye siku moja kwa sababu ya mama. Mama ni mtu ambaye hata kwenye basi la usiku la Mombasa hukesha ameshikilia kiti cha mbele. Siku aliyotoka Naivasha na mjomba, mama alituambia kuwa alilala njia nzima. Hatukuamini.

Kuendesha 504 kulikuwa kazi ya sikio. Injini ya petroli isipozunguka vya kutosha haina nguvu, kwa hiyo dereva anaitafutia gia inayolingana na mlima. Akichelewa kuishusha, gari linaanza kutetemeka na kugonga; akiishusha mapema, injini inalia bure. Mjomba alisubiri mngurumo ufike kwenye sauti anayoijua, mguu wa kushoto ukashuka, mkono ukahama, na bibi aliyekuwa akihesabu chenji kiti cha nyuma hakupoteza hesabu yake. Kwenye msongamano wa mlimani alibalansi klachi: gari limesimama bila breki, haliendi mbele wala halirudi nyuma, limening'inia kwenye unyayo wake. Klachi nyingi ziliungua mikononi mwa vijana waliotaka kumwiga.

Ndani ya Leaf ujuzi huo unakosa pa kushika. Klachi hakuna. Gia za kubadilisha hakuna pia. Mota imeunganishwa na magurudumu kwa uwiano mmoja tu, kuanzia kusimama hadi mwendo wa barabara kuu. Na nguvu yake yote ya kuzungusha, nyutonimita 320, ipo tangu gurudumu likiwa bado limetulia. Huisubiri ipande. Kati ya kukanyaga na kuondoka, gari la petroli lina kitambo kidogo cha kuvuta pumzi ambacho tumekizoea hata hatujui kipo, mpaka siku kinapokosekana. Mara ya kwanza nilihisi kama mtu ameniwekea kiganja kipana mgongoni na kunisukuma, bila kishindo na bila kuacha.

Kuondoka ni rahisi, mtoto angeweza. Kazi iko kwenye kuinua mguu. Mota ile ile inayovuta, ukiinua mguu hugeuka jenereta: magurudumu sasa ndiyo yanayoizungusha, stima inarudi kwenye betri, na uzito wa kuizungusha ndio unaolipunguza gari mwendo. Leaf hii ina swichi. Ukiiwasha, mguu wa mafuta unakuwa mguu wa breki vilevile. Uinue wote na gari litasimama kabisa, hata mlimani, na kutulia hapo.

Mimi niliuinua kama ninavyofanya kwenye Probox yangu, wote kwa mara moja, nikitarajia gari liserereke. Leaf ikajikwaa. Miwani ikamtoka mjomba puani.

"Mpwa wangu," akasema akiiokota sakafuni, "hapo umefunga breki."

Robo saa iliyofuata nililitikisa gari kama anayepepeta mchele, hadi mjomba akafungua dirisha apate hewa. Nimewasikia watu wakiapa kuwa magari ya umeme yanawatapisha. Siku hizi nashuku walipanda mguu mbaya tu.

Tulipobadilishana viti niliacha kuangalia barabara, nikaangalia miguu yake. Anavaa raba za kitambaa zenye soli nyembamba. Viatu vya ngozi hukaa nyuma ya kiti mpaka amfikie mteja. Kisigino hakiondoki sakafuni. Kinachofanya kazi ni kidole gumba na nyama iliyo chini yake, na mwendo wenyewe ni mdogo kiasi kwamba ukitazama ncha ya kiatu utadhani amelala. Lazima utazame mkunjo wa kitambaa, pale vidole vinapoanzia. Ndipo unaona ukifunguka na kufungika polepole, kama matamvua ya samaki aliyetulia.

Mahali fulani katikati ya kanyagio stima haitoki wala hairudi, gari linateleza tu. Mjomba anapaita "sifuri". Hapana alama, na hapatulii: mwendo ukibadilika kidogo, napo panahama. Kipimo kwenye dashibodi kinaonyesha upande mmoja stima inayotoka na upande wa pili inayorudi, na mimi nilipojaribu kukituliza katikati kilichezacheza kama mzani wa mchuuzi wa nyanya. Chini ya raba ya mjomba kilikaa. Muda mrefu kilikaa. Nikajua ile klachi iliyoning'inia mlimani miaka yote hiyo haikupotea. Ilihama tu, ikatoka mguu wa kushoto kwenda wa kulia. Wa kushoto umestaafu, ingawa ananiambia kuwa miezi ya kwanza ulikuwa ukikanyaga sakafu kila alipoona mlima.

Kwenye matuta ustadi huo unaonekana hata kwa asiyejua gari. Nchi hii ina matuta mengi kuliko mito. Kwa gari la gia kila tuta lina mlolongo wake: breki, klachi, shusha gia, panda, kanyaga, klachi tena. Mjomba analiona tuta likiwa bado mbali, mkunjo wa raba unaanza kufunguka, mwendo unapungua kama sauti ya redio inayopunguzwa, na gari linafika juu ya tuta likiwa na mwendo ule ule wa kuvuka tuta, si zaidi. Kanyagio la breki halikuguswa. Kosa la hapo haliwezi kufichwa: ukiinua mapema unabaki ukitambaa kulifuata tuta na matatu iko nyuma inapiga honi, ukichelewa utalazimika kukimbilia breki, na breki ya kawaida haikusanyi kitu kama mguu wake. Kwa hiyo anatazama mbali sana. Anatazama, nadhani, mara mbili ya mbali ninakotazama mimi.

Sikio nalo halikupumzika. Ngurumo ilipoondoka, yaliyokuwa yamefichwa yakajitokeza: changarawe chini ya tairi, upepo kwenye kioo cha pembeni, bushi ya mbele kushoto ambayo fundi aliapa ameibadilisha. Tatizo ni watu wa nje. Sisi huvuka barabara kwa masikio. Gari likienda polepole hutoa mvumo wa kuonya watu, lakini sokoni Limuru, kati ya matatu mbili na spika ya muuza dawa ya panya, nani atausikia? Mjomba hapigi honi pale. Anasema honi ya ghafla kutoka kwa gari ambalo mtu hakujua lipo humfanya aruke, na hujui ataruka upande gani. Anasoma migongo na vikapu, anamngoja mama wa kabichi ageuke mwenyewe.

Kisha tukaanza kushuka Bonde la Ufa kwa barabara ya chini, ile iliyojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano na ambayo chini yake kuna kanisa lao dogo la mwaka 1942. Ukitokeza ukingoni, mlima Longonot uko mbele yako, na nyuma yake ni Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha stima tangu 1981. Mteremko huu umeua wengi. Malori hushuka yakinuka breki zilizoungua, na madereva wabahili wa mafuta huweka "fri", yaani gia hakuna, gari linajiendea kwa uzito wake. Dereva mzuri wa 504 alishuka kwa gia ndogo, injini ikilalamika njia nzima na kumshikia gari.

Mjomba alishuka kwa vidole viwili vya mguu. Kwenye kona aliinua kidogo zaidi, kona ikifunguka akashusha, na betri iliyokuwa pale chini ya sakafu, karibu kilo 300, ililikalisha gari barabarani kama mtu mzima aliyeketi mkekani. Kipimo cha stima kilikuwa upande wa kurudi karibu muda wote. Tuliingia mteremkoni na asilimia 77, tukafika kanisani na 79. Mbili tu. Kwa hesabu ya fizikia, tani moja na nusu na watu wawili wakishuka mita 500 wanatoa zaidi kidogo ya kilowati-saa 2, na upepo na tairi lazima zile fungu lao. Mjomba anazihesabu hizo mbili kama pesa aliyoiokota. Aliegesha, akainama, akaweka kiganja kwenye rimu ya mbele, akaniita nami niweke. Ilikuwa na uvuguvugu wa jua basi. Enzi za 504, hapo ndipo utingo alipomwagia magurudumu maji.

Asubuhi nilikuwa nimemuuliza mbona anatoka nyumbani na asilimia 80 wakati waya umelala ukutani usiku kucha. Jibu lilikuwa hili. Betri iliyojaa haina pa kuweka stima inayorudi. Gari litashika breki zake za kawaida, mguu wako hautahisi tofauti, na mlima wote utaishia kuwa joto kwenye rimu. Anayekaa juu na kufanya kazi chini lazima aache nafasi.

Kurudi jioni ni habari nyingine, na hapa stima ina deni lake. Kupanda kunakula. Injini ya petroli isiyo na turbo inaumia na hewa nyepesi, karibu sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000, na Limuru tuko juu ya 2,200. Mota haijui hewa ni kitu gani. Tulilipita lori kwa nafasi fupi ambayo Probox yangu ingeikataa, kimya kabisa, na dereva wa lori akatutazama kama waliomwibia. Lakini asilimia zilidondoka mbele ya macho yangu. Mjomba alinisimulia siku alipokosea hesabu, mwezi wa kwanza, akiwa amebakiza kidogo kufika Rironi, karibu na nyumbani. Taa ya kobe ikawaka. Kobe kweli, amechorwa pale kwenye dashibodi, kukuambia gari limepunguza nguvu ili lisizimike. Akatembea na kobe wake kandokando ya barabara kwa mwendo wa msafara wa bibi harusi, hadi kwa mtu anayemfahamu mwenye soketi.

Na kuna kitu ambacho gari hili halina, naye anakikosa. Tukipanda ile kona ya mwisho alianza kuvumisha mdomoni, sauti inapanda, inakatika, inaanza tena chini. Ilinichukua muda kujua ni nini. Ilikuwa gia ya pili kwenda ya tatu.

Tulifika na 24. Binamu yangu alitoka na waya begani, akachomeka, akauliza kama aliache lijae, maana wikendi ilikuwa karibu.

"Themanini," mjomba alisema, akibadilisha viatu. "Kesho nashuka."