Uhamisho wa Mwisho: Uhakiki wa Wiki ya 38

Sisi wanafunzi wa fasihi tunafundishwa mapema kuitafuta migogoro: nani anataka nini, na nani anamzuia. Kwa kipimo hicho Fantasy Premier League ni kazi dhaifu kwa wiki 37. Msimu wa 2023/24 ilichezwa na watu zaidi ya milioni 10, kila mmoja akisajili wachezaji 15 kwa bajeti ya milioni 100, na kwa sehemu kubwa ya msimu hakuna anayemzuia mwenzake. Kila mtu yuko na simu yake na hesabu zake. Lakini watu wawili wakiingia wiki ya mwisho wakiwa wamekaribiana, hapo ndipo wahusika wanapozaliwa. Nataka kuihakiki fainali ya ligi yetu ndogo, iliyomalizika Jumapili ya tarehe 19 Mei 2024, kwa sababu naona wengi waliizungumzia vibaya.

Ligi yetu ilikuwa na watu 14, na kila mmoja alichanga kwacha 5,000. Zamani nusu yetu walikuwa Lilongwe. Mwaka 2023 serikali ya Malawi ilipoagiza wakimbizi waishio mijini warudi Dzaleka, kundi karibu lote likawa la kambini. Aliyeongoza jedwali, hata hivyo, alibaki mjini: dada mmoja fundi cherehani wa Kauma, mzaliwa wa Karonga, ambako Kiswahili kinavuka mpaka na wafanyabiashara. Aliyemfuata ni kaka mmoja wa Uvira, mkazi wa Dzaleka, shabiki wa Arsenal wa kufa na kuzikana. Kati yao palikuwa na pointi 11.

Pointi 11 ni nyingi au chache? Swali hilo halijibiki mpaka ujue timu hizo mbili zinafanana kiasi gani. Wote wawili walikuwa na Haaland, na wote walimpa unahodha, yaani pointi zake zihesabiwe mara mbili. Sababu zilikuwa wazi: Manchester City walikuwa nyumbani dhidi ya West Ham, wakihitaji ushindi ili watwae ubingwa. Wote wawili walikuwa na Foden. Wote walikuwa na Palmer. Sasa tazama kilichotokea. Foden alifunga dakika ya 2, banda zima la video likalipuka, na kaka wa Uvira hakutikisika. Haaland, mfungaji bora wa msimu, alimaliza mechi bila bao. Watu wakashika vichwa, naye akaendelea kula karanga zake. Nilikuwa Dzaleka siku hiyo, nimekaa benchi moja naye, na nilichukua muda kuelewa kwamba kwake yeye nyota hao walikuwa kama hawapo. Mlicho nacho wote kinafutana.

Kwa hiyo kati ya wachezaji 11 wa kila upande, walioigiza kweli walikuwa wachache. Tofauti kubwa ilikuwa nafasi moja: fundi wa Kauma alimpanga William Saliba, beki wa Arsenal, kaka wa Uvira alimleta Jean-Philippe Mateta wa Crystal Palace. Alikuwa ameshatumia uhamisho wake wa bure, kwa hiyo Mateta alimgharimu pointi 4. Kabla mpira haujapigwa alikuwa nyuma kwa pointi 15.

Hapa lazima nisimame kidogo kwenye neno hilo, uhamisho. Kambini kwetu linabeba mzigo mwingine. Kuna wanaosubiri miaka kuitwa waende nchi ya tatu, na kuna waliohamishwa kutoka mjini bila kuomba. Ukikaa kwenye banda letu ukasikia mtu akisema "uhamisho wangu umekubali", unageuka kumtazama usoni kwanza ndipo ujue kama anaongea habari za simu au za maisha. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo wachezaji wa Fantasy wanatania kwa neno hilo kama sisi tunavyotania.

Turudi kwenye mchezo. Malawi wote tunaujua bao, huku wakiuita bawo: mashimo 32, kete 64, na kila kete inaonekana. Ukifungwa kwenye bao huwezi kusema hukuona. Fantasy ni kinyume chake. Mabadiliko yanafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza, yaani siku ile saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu, na kabla ya hapo huoni mwenzako ameandika nini. Ni kama majibizano ya mashairi ambapo kila malenga anatakiwa kutoa jibu kabla ya kulisikia swali. Anayefuata ana njia moja tu, kuwa tofauti. Anayeongoza angependa kumwiga, ila anaiga kivuli.

Nalisema hili kwa sababu maneno yaliyosemwa baadaye kuhusu fundi wa Kauma hayakuwa ya haki. Alibadili nini wiki ile? Hakuna. Wakamwita mwoga. Lakini soma alichokuwa nacho mbele yake. Saliba alikuwa amecheza kila dakika ya ligi msimu ule. Kipa wake, David Raya, alimaliza na mechi 16 bila kufungwa. Arsenal walikuwa nyumbani dhidi ya Everton wakihitaji ushindi. Beki akimaliza bila kuruhusu bao anapata pointi 4 juu ya 2 za kucheza. Huo si woga. Ni kusoma vizuri kwa mtu mwenye kitu cha kulinda.

Kaka wa Uvira naye alisoma vizuri, ingawa mwenyewe anapenda kusema alimchagua Mateta kwa sababu jina linanukia nyumbani. Simwamini. Tangu Oliver Glasner achukue Palace mwezi Februari, Mateta alikuwa amewaka, na Aston Villa, wapinzani wa siku ile, walikuwa wameshajihakikishia Ligi ya Mabingwa katikati ya wiki. Palace walishinda 5-0. Mateta alifunga matatu.

Lakini kilele cha kazi hii, kwangu, hakikuwa mabao hayo. Kilikuwa dakika ya 40 kule London kaskazini. Idrissa Gueye wa Everton alipiga mpira wa adhabu, ukamgonga Declan Rice, ukaingia. Saliba akapoteza pointi zake 4. Na kaka wa Uvira, ambaye Arsenal yake haikuwa imetwaa ubingwa tangu 2004 na ilihitaji kushinda mechi hii hii, aliruka juu. Kisha akakaa. Hakusema neno mpaka Tomiyasu aliposawazisha, na hapo pia hakujua la kufanya na mikono yake. Wazee wetu bandani wanasema Fantasy imeua ushabiki. Mimi niliona ushabiki uko hai kabisa, umewekwa tu ndani ya mtu mmoja na adui yake. Darasani tunauita mgogoro wa nafsi, na tunauandikia insha bila kuuona kwa macho.

Arsenal walishinda 2-1, City wakashinda 3-1 na kuchukua kombe. Kwetu, mlinda mlango mmoja na kiungo mmoja waliotofautiana walipunguza huku wakaongeza kule, na jumla ya msimu mzima ikatoka sawasawa. Kanuni ya Fantasy inasema wakilingana, aliyefanya uhamisho mchache zaidi ndiye wa juu. Ubingwa ukaenda Kauma.

Kanuni hii naikosoa. Anayetoka nyuma hana silaha nyingine ila kuhama, wakati aliye mbele anaweza kukaa. Zaidi ya hapo, uhamisho wa Mateta ulikuwa umeshalipiwa kwa pointi 4. Kuuhesabu tena wakati wa kulingana ni kumtoza mtu nauli mara mbili kwa safari moja. Ninayemtetea kwa uamuzi wake ni fundi. Ninayeona amepunjwa na kanuni ni mpinzani wake, na sioni mgongano kati ya hayo mawili.

Fedha tuligawa nusu kwa nusu, kwacha 35,000 kila mmoja. Nimependekeza kwamba kwa msimu ujao, watu wakilingana, tuhesabu uhamisho wa bure peke yake. Fundi wa Kauma analipinga pendekezo hilo kwa nguvu zote.