Ojwang' Hakuwa Mjaluo

Kwenye ploti za Section 58 hapa Nakuru, klipu ya vichekesho ikichezwa mlango wa tatu, mlango wa tano unaisikia. Na ukiskiza vizuri, milango haicheki pamoja. Mchekeshaji akianza kuiga lafudhi ya Mkisii, Mluhya ama Mkalenjin, kuna nyumba inaangua kicheko papo hapo. Nyingine inanyamaza kwanza, inapima: huyu anacheka nasi ama anatucheka?

Tukitaka jibu, tuanze na Mzee Ojwang'. Benson Wanjau alipofariki Julai 2015, Wakenya wengi walishangaa kujua kwamba yule mzee wa Vitimbi, mwenye lafudhi nzito ya Kijaluo, alikuwa Mkikuyu. Miaka hiyo yote kwenye KBC, mtu wa kabila moja alikuwa amevaa ulimi wa kabila lingine, na wengi wenye ulimi huo walimchukulia kama wao.

Mbona hawakukasirika? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu Ojwang' alikuwa mtu kamili. Alikuwa na Mama Kayai wa kugombana naye, alikuwa na ujanja, alikuwa na kiburi kilichomponza. Lafudhi ilikuwa sauti yake tu. Kichekesho kilitoka kwa vituko vyake. Ondoa lafudhi, kisa bado kipo. Sasa jaribu hivyo na klipu nyingi za leo. Rudisha "r" na "l" mahali pake, halafu uone kama kuna mtu atacheka.

Tena kuna suala la anayeigwa. Redykyulass walimwiga Moi akiwa bado Ikulu, na enyewe kumcheka mtu aliyeogopwa vile ilikuwa kama kupumua. Lakini lafudhi ya soja wa geti inamshusha nani, na yeye tayari yuko chini?

Majirani zetu Tanzania wana neno la kutusaidia: utani. Mnyamwezi na Mzaramo wanaweza kuchokozana hadi msibani na hakuna anayenuna. Ila utani una sheria zake. Ukinitania leo, kesho ni zamu yangu. Na ukija kunichekesha kwenye matanga yangu, utasaidia na kazi pia. Klipu haina zamu. Soja hana pa kumjibu mchekeshaji.

Hapa kwetu, jambo hili linazidi ladha. Januari 2008, jina na lafudhi vingeweza kuamua kama utapita kizuizi cha barabarani ama hutapita. Kuna watu waliojifunza wakati ule kuficha ulimi wao kwenye matatu. Mchekeshaji anapouanika ulimi huo kwa mzaha, kuna mtu nyuma ya ukuta anayekumbuka alikouficha, na kwa nini.

Sisemi lafudhi ipigwe marufuku. Tukifika hapo, Ojwang' mwenyewe hangekuwepo, na ploti zetu zingekuwa kimya ajabu. Ombi langu kwa wachekeshaji ni dogo: mwandikeni huyo soja kwanza. Mpeni bibi, deni la dukani na ujanja wa kumzidi mwenye nyumba. Akishakuwa mtu, mpeni lafudhi mtakayo. Mlango wa tano utacheka bila kupima.