Krediti Zisizo na Kwao

Mwanafunzi wa chuo cha Marekani anapofungua ripoti ya shahada yake mtandaoni, kitu cha kwanza kumpokea ni duara la rangi lenye asilimia katikati. Akiona themanini na tano, moyo unatulia, anafunga kompyuta. Asilimia hiyo si uongo, ila ndiyo sehemu yenye habari chache kuliko zote. Habari yenyewe iko chini kabisa, ukurasa wa mwisho, kwenye orodha fupi ya kozi ambazo mwanafunzi amezilipia, amezisoma na kuzifaulu, halafu zikakosa pa kuhesabiwa. Wengi hawafiki huko.

Ili kuielewa ripoti hii, inafaa kujua ilitungwa kutatua tatizo gani. Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret huingia kwenye programu iliyokwisha kupangwa: mwaka wa kwanza kozi hizi, wa pili zile, na chache za hiari. Mfumo wa chuo humsajili na kumwonyesha matokeo, na hofu yake kubwa ni sapu, au alama ambazo mhadhiri hajaziingiza. Marekani ilishika njia nyingine tangu enzi za Charles Eliot, aliyeiongoza Harvard kuanzia 1869 hadi 1909 na kuwafungulia wanafunzi mlango wa kujichagulia masomo. Baadaye kila kozi ikapewa uzito wake wa krediti, na shahada ya kwanza ikawa hesabu ya kujumlisha, kwa kawaida krediti 120. (Msomaji wa Tanzania asizilinganishe na krediti 360 ambazo Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania, TCU, inazitaka kwa uchache. Krediti ya TCU ni saa 10 za kujifunza. Ya Marekani, ukichukua saa moja ya darasani na mbili za kujisomea kila wiki kwa wiki 15, inafika kama saa 45.)

Uhuru wa kuchagua ulizaa kazi ya kukagua. Karani wa ofisi ya msajili alikaa na karatasi ya masharti upande mmoja na matokeo ya mwanafunzi upande wa pili, akiweka tiki kwa penseli, mwanafunzi mmoja baada ya mwingine. Miaka ya 1980 Miami University, ambayo iko Ohio na si Florida, ilitengeneza programu ya kuifanya kazi hiyo, ikaitwa DARS. Leo mrithi wake ni uAchieve ya kampuni ya CollegeSource, na mshindani wake anayejulikana zaidi ni Degree Works ya Ellucian.

Nitaichambua ripoti hiyo kwa kutumia masharti ya Minnesota State, mtandao wa vyuo vya umma wa jimbo la Minnesota, unaotumia mfumo wa ukoo huo wa DARS. Masharti yake ni ya wazi, na katika vyuo vyake vya jamii wamo Waafrika Mashariki wengi, wakiwemo Wakenya wa vitongoji kama Brooklyn Park, wanaosomea uuguzi mchana na kufanya zamu usiku. Kwa watu wa namna hiyo kozi moja iliyopotea ni miezi ya usingizi iliyokwenda bure.

Ripoti ni ngazi za masharti. Kila sharti lina hali yake: OK ikiwa limetimia, NO ikiwa bado, na IP ikiwa kuna kozi inayosomwa muhula huu. Hiyo IP iangaliwe vizuri. Mfumo huihesabu kozi unayoisoma kana kwamba umeshaifaulu, kwa hiyo asilimia ya mwezi wa Oktoba ina matumaini ndani yake, na ukianguka Desemba sharti linafunguka tena bila mtu kukupigia simu.

Chini ya kila sharti yamo masharti madogo, kila moja na alama yake ya kujumlisha au kutoa. Hapo ndipo mambo yanapoanza kunoga, na mfano mzuri ni kundi la masomo ya msingi ambalo Minnesota State inalitumia kwa vyuo vyake vyote. Kundi hilo lina malengo 10 na linataka krediti 40. Lengo la 1 ni mawasiliano, la 3 sayansi asilia, la 4 hisabati, la 5 historia na sayansi ya jamii, la 6 fasihi na sanaa. Kuanzia la 7 hadi la 10 ni mambo ya tofauti za watu, mtazamo wa dunia, maadili na uraia, na mazingira. La 2, fikra tunduizi, katika vyuo vingi huhesabiwa limetimia ukimaliza mengine. Kozi moja inaruhusiwa kutimiza malengo mawili, lakini krediti zake zinahesabiwa mara moja tu.

Sentensi hiyo ya mwisho imewaponza wengi. Mchukulie mwanafunzi wa kubuni, mjanja wa kupanga. Kozi ya biolojia ya mazingira anaitumia kwa lengo la 3 na la 10. Ya falsafa ya maadili kwa la 6 na la 9. Ya anthropolojia kwa la 5 na la 8, na ya sosholojia kwa la 5 na la 7. Kwa kozi 12 amemaliza malengo yote. Lakini kumi kati ya hizo ni za krediti 3 na mbili za sayansi zenye maabara ni za krediti 4: jumla 38. Ripoti inamwonyesha malengo kumi yenye OK, na juu yake sharti kuu lenye NO. Akikimbilia kozi ya kompyuta ya kiufundi ili apate zile krediti 2, hatapata kitu, kwa sababu kozi hiyo haimo kwenye orodha ya masomo ya msingi. Itaingia kwenye zile 120 na kuliacha sharti lake wazi vilevile. Mfumo haukukosea popote. Uliulizwa maswali mawili, ukajibu mawili; ni sisi tunaoona OK kumi tukadhani swali ni moja.

Upande wa ndani, kazi ngumu ya programu hizi si kujumlisha. Ni kuamua kozi ipi ikae wapi. Tuseme sharti la kwanza linasema chagua moja kati ya Takwimu na Uchumi, na la pili linataka Takwimu tu. Mwanafunzi amesoma zote mbili. Programu inayokwenda kijinga kutoka juu kwenda chini itaiweka Takwimu kwenye sharti la kwanza, sharti la pili libaki tupu, na Uchumi uangukie chini na wasio na kazi. Ukizibadilisha nafasi, masharti yote mawili yametimia. Kwa kozi mbili unaona kwa macho. Kwa kozi 40 na masharti kadhaa wa kadhaa, mipangilio inayowezekana haihesabiki kwa mkono. Wanahisabati wanalijua kama tatizo la kuoanisha makundi mawili, na dawa inayotumika sana ni kulipa kipaumbele sharti lenye mlango mwembamba: lenye kuitaka kozi moja tu lichukue kwanza, lenye kukubali chochote lisubiri mwisho. Degree Works ina utaratibu wake wa kutafuta mpangilio unaofaa zaidi. Katika mifumo ya ukoo wa DARS, mengi hutegemea jinsi mtumishi wa ofisi ya msajili alivyoyaandika na kuyapanga masharti. Yaani nyuma ya ile rangi ya kijani yupo mtu aliyekaa na prospektasi akaitafsiri kuwa kanuni za mashine, sentensi kwa sentensi, na prospektasi za vyuo zimeandikwa na kamati.

Ndiyo maana kozi huonekana zikihama. Unajisajili kozi mpya, unaiendesha ripoti tena, na Historia iliyokuwa kwenye lengo la 5 imeruka iko la 8. Hakuna kilichoharibika, mashine imepanga upya. Ila ikihama ikaacha tundu, hapo umfuate mshauri.

Sasa twende kule chini. Kozi hufika huko kwa njia mbalimbali, na kila njia ina tiba yake. Nyingine zimezidi tu: umeshatimiza kila kitu kinachoweza kuzipokea. Nyingine zimefaulu kwa chuo lakini si kwa fani. Idara nyingi za uuguzi hazipokei alama iliyo chini ya C, kwa hiyo anatomia ya D inakupa krediti kwenye jumla huku sharti la uuguzi likibaki NO. Kundi linalonisikitisha zaidi ni la kozi zilizotoka chuo kingine. Neno linalotumika ni kwamba krediti zako zimepokelewa, na mtu anafurahi. Kupokelewa na kuhesabiwa ni mambo mawili. Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani, GAO, ilikadiria katika taarifa yake ya 2017 kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao, na hapo hazimo zile zilizopokelewa kisha zikakaa bila kazi.

Anayekuja na matokeo ya Makerere au Nairobi analijua hili kwa sura nyingine. Matokeo yake hupitia kwanza shirika la tathmini kama WES au ECE, kisha yanaingizwa kwenye mfumo wa chuo. Kozi isiyopatiwa mwenzake kwenye prospektasi huandikwa kama krediti za jumla, bila namba halisi ya kozi. Mashine inalinganisha namba. Kwa hiyo Biokemia ya mwaka mzima inakuwa mstari usio na jina, unaelea kwenye kozi za hiari, huku sharti la Kemia likimdai mwenyewe aanze upya. Hapa asilimia haisaidii, na kulalamika dirishani hakusaidii. Kinachosaidia ni muhtasari wa kozi, wenye mada, saa na vitabu vilivyotumika, upelekwe kwa idara husika ikubali kuwa kozi hii ni sawa na ile. Ni karatasi ambayo wengi huiacha nyumbani kwa kuona cheti kinatosha.

Wanaotegemea msaada wa serikali kuu ya Marekani wana sababu ya ziada ya kuichungulia orodha hiyo kabla muhula haujaanza. Msaada hulipwa kwa kozi zinazohesabiwa kwenye programu yako. Umejisajili krediti 12, tatu kati yake hazina kwao: machoni pa ofisi ya fedha una 9. Tangu mwaka wa masomo 2024/25, ruzuku ya Pell, iliyo sehemu ya msaada huo, hupimwa kwa uwiano huo, kwa hiyo 9 kwa 12 ni asilimia 75 ya ulichotarajia, na bili ya chuo inabaki ya krediti 12.

Kitu kingine ambacho ripoti haikuambii ni muda. Yenyewe ni orodha, haina foleni. Ikikuambia zimebaki krediti 9, utadhani ni muhula mmoja mwepesi. Lakini kama kozi hizo tatu zinafuatana, ya pili haisomwi kabla ya ya kwanza na ya tatu hufundishwa muhula wa majira ya kuchipua tu, una mwaka mmoja na zaidi mbele yako. Ngazi ya kozi nayo hujificha hivyohivyo. Shahada ya kwanza ya Minnesota State inataka krediti 40 za ngazi ya juu, yaani kozi za namba 300 na 400, ambazo vyuo vya jamii kwa kawaida havifundishi. Mtu aliyekusanya krediti 80 chuo cha jamii kwa sababu ada ni nafuu ana nafasi ya krediti 40 tu kabla ya kufika 120, na kila moja lazima iwe ya ngazi ya juu. Akipachika kozi moja tu ya namba 200 hapo katikati, anahitimu na 123.

Kabla ya kubadilisha fani, mifumo yote miwili inakuruhusu kuendesha ripoti ya majaribio: unachagua programu nyingine na kuona kozi zako zingekaaje huko. Ni kipengele kizuri kuliko vyote na hakina gharama. Angalia tu mwaka wa prospektasi unaouchagua. Masharti hubadilika, na kwa kawaida mwanafunzi hufungwa na yale ya mwaka alioingia. Kubadilisha fani kunaweza kukuhamishia kwenye mwaka mpya wenye kozi ambazo hukuwahi kudaiwa.

Hali kadhalika ruhusa za pekee. Mshauri akikubali Takwimu ya chuo kingine ichukue nafasi ya ile ya idara, ruhusa hiyo huingizwa kwenye mfumo, na sharti linageuka OK. Mara nyingi, hata hivyo, imefungwa kwenye sharti la programu moja. Ukihama fani haikufuati, na ikiwa makubaliano yalikuwa ya mdomo ofisini kwake, mfumo haujawahi kuyasikia. Omba barua pepe, subiri siku chache, endesha ripoti upya uone kama NO imeondoka. Kisha jaza fomu ya kuomba kuhitimu, kwa sababu ripoti yenye OK kila mahali haikuandikishi kwenye mahafali, na mtumishi wa ofisi ya msajili ndiye atakayeipitia kwa mara ya mwisho.