Jana Yapanda Jukwaani Tena: Uhakiki wa Rekodi ya Supersisterious

Rekodi za maonyesho ya bendi zilizovunjika na kukutana tena huchukuliwa na wahakiki wengi kuwa ushahidi wa pili usiohitajika. Santuri za ujanani zimekwisha kusema. Watu wazima wanaporudi jukwaani, hudhaniwa kuwa wamekuja kukusanya deni la sifa. Mtazamo huo una mashiko mara nyingi. Hauna mashiko, hata hivyo, kwa Supersisterious, rekodi ya jukwaani iliyotolewa mwaka 2001 na bendi ya Kiholanzi ya Supersister. Makala haya yanadai kwamba matini hii iliyochelewa ndiyo inayodhihirisha, kuliko santuri zilizoitangulia, ni kipi kilichokuwa mali ya bendi hii na ni kipi ilichoazima. Suala hilo si dogo, kwa kuwa ndilo lililoinyima bendi haki yake tangu mwanzo.

Supersister ilichipuka mjini Hague mnamo 1967 miongoni mwa vijana waliokuwa wangali shuleni. Ilipofika studio ilikuwa na watu wanne: Robert Jan Stips (vinanda na uimbaji), Sacha van Geest (filimbi), Ron van Eck (gita la besi) na Marco Vrolijk (ngoma). Hapakuwa na mpiga gita la kuongoza. Katika muziki wa roki wa wakati huo, huo ulikuwa sawa na utenzi usio na vina: watu wangeuliza kwanza kilichokosekana kabla ya kusikiliza kilichopo. Pengo hilo lilizibwa na kinanda cha Stips, ambacho sauti yake ilikwaruzwa kwa makusudi hadi ikawa na makali ya gita, na filimbi ya van Geest iliyopita juu yake kwa ulaini. Albamu tatu zilifuatana: Present from Nancy (1970), To the Highest Bidder (1971) na Pudding en Gisteren (1972). Kazi kuu ya hii ya tatu, yenye urefu wa takriban dakika 21, ilitungiwa wachezaji wa baleti wa Nederlands Dans Theater. Nchini Uingereza, albamu ya pili ilitolewa na Dandelion, kampuni ya mtangazaji John Peel. Mji uo huo wa Hague ulikuwa umewatoa Shocking Blue, ambao wimbo wao Venus ulishika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1970, na Golden Earring. Majina hayo mawili yalivuka bahari. La Supersister lilibaki kwa wapenzi wachache.

Sababu ya kupuuzwa huko imezoeleka katika uhakiki wa pembezoni na kitovu. Kwa kuwa kinanda cha mkwaruzo na mapigo yasiyo ya kawaida vilikuwa vimekwisha kusikika kwa Soft Machine, kundi la Canterbury, Supersister iliorodheshwa kuwa tawi la Canterbury lililoota ng'ambo ya maji. Mhakiki akishaipachika lebo hiyo, kazi yake imekwisha: kila kinachofanana ni mwigo, na kila kisichofanana ni kasoro ya mwigaji. (Wanafunzi wa riwaya ya Kiswahili wameyasikia hayo mara nyingi, kila panapotajwa mwandishi wa Ulaya.) Hakuna anayekana athari hiyo. Swali ni je, athari hiyo inaeleza kiasi gani?

Hapa ndipo rekodi ya muungano inapokuwa na thamani ya kihakiki. Wanne hao walikutana tena mwaka 2000 kwa ajili ya tamasha la Progfest mjini Los Angeles, kisha wakapiga nyumbani Uholanzi. Miaka takriban 30 ilikuwa imepita. Mtindo uliowaathiri ulikuwa umekwisha kuwa historia, na Stips mwenyewe alikuwa amepitia Golden Earring na, kwa miaka mingi, The Nits, bendi ya nyimbo fupi zilizopangwa kwa unadhifu. Kama muziki wa Supersister ungekuwa vazi la kuazima, mwaka 2000 vazi hilo lingeonekana kuwabana. Halikuwabana. Kinachosikika ni kwamba mapigo magumu hayakuwa lengo kamwe. Kazi moja ya albamu ya kwanza inaitwa 11/8, yaani imepewa jina la hesabu ya mapigo yake, na jina hilo ni mzaha kabla ya kuwa maelezo. Wanaoipenda hesabu kwa ajili ya hesabu hawaitanii.

Mzaha huo ndio kiini. Katika Judy Goes on Holiday, ya mwaka 1972, mitindo ya watu wengine huvaliwa na kuvuliwa mmoja baada ya mwingine. Nalo jina Pudding en Gisteren, yaani "pudini na jana", ni upuuzi uliotungwa kwa uangalifu. Studio iliuhifadhi mzaha huo kama kioja: msikilizaji anashtuka, anacheka, basi. Jukwaani baada ya miaka 30 hakuna wa kushtuka. Hadhira inakijua kioja kabla hakijafika na inakisubiri. Nadharia ya fasihi simulizi inaieleza hali hii vizuri zaidi kuliko nadharia nyingi za muziki: hadhira ya ngano haiji kujua fisi atafanywa nini, inakuja kuona fanani huyu, usiku huu, atamfanya vipi. Katika Supersisterious mzaha umegeuka kuwa kiitikio, ahadi kati ya fanani na hadhira yake. Stips alizaliwa mwaka 1950. Sauti ya mtu wa miaka 50 si ya kijana wa 20, na maneno ya kitoto yakitoka katika kinywa cha mtu mzima hupata uzito ambao mtunzi wa ujanani hakuwa na namna ya kuupanga. Moja ya kazi za mwaka 1970 inaitwa Memories Are New, yaani "kumbukumbu ni mpya". Kwa kijana jina hilo lilikuwa kinaya tupu, kwani hakuwa na la kukumbuka. Hapa ni taarifa.

Lipo hata hivyo jambo ambalo rekodi hii inalipitia kimyakimya. Albamu ya Iskander (1973) ilihusu Aleksanda Mkuu, chini ya jina ambalo si geni kwa msomaji wa Kiswahili aliyekulia karibu na visa vya Kiislamu. Ilipigwa baada ya van Geest na Vrolijk kuondoka, akiwamo mpiga saksafoni Mmarekani Charlie Mariano. Ni kazi nzito, isiyocheka sana, na wapo wanaoiona kuwa kilele. Muungano wa wanne wa mwanzo ni uamuzi wa kihakiki uliofanywa na wasanii wenyewe: Supersister ni watu hawa, si jina wala mtunzi mkuu. Uamuzi huo unatetewa na filimbi. Panapotarajiwa gita kupaza sauti, van Geest hupuliza kana kwamba anazungumza na mtu aliye karibu, na uzani wote wa bendi hujipanga upya kumzunguka. Mtunzi ni Stips, naam. Lakini tungo hizi zilitungwa zikiliachia nafasi pumzi la mtu fulani.

Van Geest alifariki mwaka uo huo wa 2001, na bendi ikakoma. Tangu hapo baadhi ya wapenzi huisikiliza Supersisterious kama tanzia. Hiyo ni heshima inayoudhulumu muziki wenyewe, maana waliokuwa jukwaani hawakuwa wakiaga, na hakuna upigaji wa kuaga unaosikika humo. Van Eck naye alifariki mwaka 2011. Stips alipozirudia tungo za aina hii mwaka 2019 kwa albamu ya Retsis Repus, alitumia jina Supersister Projekt, na neno hilo la pili hakuliongeza kwa bahati.